Nyayo za Buti Mlangoni kwa Rodah

Tecla aliziona nyayo zile kabla hata hajamfikia ng'ombe. Zilianzia mlangoni kwa mkaza mwana wake, Rodah, zikapita kando ya tanki la maji, zikashuka mpaka lango la mbao na kupotelea barabarani. Zilikuwa nyayo za buti, tena buti kubwa ya mwanamume, yenye meno mapana kwenye soli. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimepoteza jino moja.

Aliweka ndoo chini akainama. Mvua ilikuwa imenyesha jioni iliyotangulia na udongo mwekundu ulikuwa umeshika kila kitu vizuri. Aliyepita hapo alikuwa na mguu mrefu lakini hatua fupi, na alikuwa akiburuta kisigino kidogo. Mzee, au mgonjwa, au mtu aliyekuwa akinyata asisikike. Tecla alichagua hilo la mwisho.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye shamba dogo la majani chai upande wa chini wa soko la Merigi na ng'ombe wawili wa maziwa. Watu walimjua kwa sauti yake kanisani na kwa macho yake. Kuna mwaka ndama wake aliibwa, naye akafuata kwato kwa miguu, akivuka mito na mashamba ya watu, mpaka akamkuta amefungwa nyuma ya choo cha mtu aliyeapa kwamba alimnunua. Tecla alimwita ndama kwa jina na ndama akalia. Tangu siku hiyo hakuna aliyebishana naye kuhusu alama yoyote iliyo chini, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza kama anaweza kuisoma vibaya.

Mwanawe wa pekee, Kipkurui, alikuwa Katar, mlinzi kwenye jumba la maduka, na huo ulikuwa mwaka wa tatu. Alimwacha Rodah na binti yao Cheptoo katika nyumba ya mabati ndani ya boma hilohilo. Kila Jumapili baada ya ibada Rodah alikuja na salamu. "Kipkurui anakusalimia, mama. Anasema huko joto ni kali sana." Mwezi ukiisha alileta sukari, mafuta ya kupikia na dawa ya magoti. "Kipkurui ametuma." Na Tecla akienda kwenye kikundi cha akina mama alihakikisha kila mtu ameambiwa.

Sasa akawaza: mwanangu yuko mbali anachomwa na jua, na hapa kuna mtu na buti zake.

Jioni alirudi kuitazama njia. Hakuna buti iliyoingia. Zilizoingia zilikuwa slipa za Rodah peke yake, akitoka kuchuna majani kwenye mashamba ya watu wa ng'ambo ya pili, kama alivyosema. Asubuhi iliyofuata buti ilikuwa imetoka tena, na slipa za Rodah hazikuonekana popote zikitoka. Ilimsumbua sana Tecla. Mwanamume anatoka lakini haingii, na mwanamke anaingia lakini hatoki. Mwishowe akapata jibu lililomridhisha: mwanamume huyo alikuwa akiingilia upande wa mahindi, kwenye nyasi, mahali ambapo mguu hauachi alama. Na Rodah, kwa ujanja wake, alikuwa akitoka kwa kukanyaga ukingo wa nyasi.

"Mama Cheptoo," alimuuliza wakinywa chai, "unalala vizuri siku hizi?"

"Vizuri, mama."

"Wewe na mtoto tu?"

Rodah aliinua macho. "Na nani mwingine?"

"Nimeuliza tu."

Rodah alirudisha miguu yake chini ya kigoda, polepole, kama mtu anayeficha kitu. Tecla aliona. Aliona pia kwamba alipoinuka kutoa vikombe alikuwa akichechemea, na alipoulizwa alisema ni mwiba.

Mtu wa kwanza aliyeshukiwa na Tecla alikuwa Jackton, dereva wa lori la majani chai, jitu lenye mabega kama mlango. Tecla alikwisha kuwaona, yeye na Rodah, wakizungumza kwa sauti ya chini kwenye kituo cha kuuzia majani, wakanyamaza alipokaribia. Siku iliyofuata alimwomba Jackton amsaidie kubeba gunia, na akamwelekeza kwa makusudi apite kwenye matope. Jackton alibeba gunia, akalishusha, akamwamkua kwa heshima na kwenda zake. Tecla alikimbilia matopeni. Meno ya gambuti za mpira za Jackton yalikuwa membamba, na mguu wake ulikuwa mkubwa hata kuliko ule wa mlangoni.

Hakufarijika hata kidogo. Alijisikia kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi. Jumapili ile alikaa kiti cha nyuma kanisani, yeye aliyezoea kukaa mbele, ili aweze kuona viatu vya wanaume wakiingia. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na buti. Tecla alimkodolea macho mpaka mzee wa watu akaanza kujipangusa suruali, akidhani amekaa kwenye uchafu.

Juma lililofuata aliamka mapema kuliko kawaida na kujibanza nyuma ya tanki, shuka mabegani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai, mzito kiasi kwamba lango halikuonekana. Alisikia mlango wa mabati ukilia. Kisha mtu akapita mbele yake, karibu, amevaa koti refu la mvua na kofia iliyoshuka hadi masikioni. Alikuwa na panga kwapani. Alitembea kwa uzito, akitupa mguu mmoja na kuuvuta mwingine, buti zikigonga chini. Ukungu ukammeza.

Tecla alingoja mpaka mlio wa buti ukapotea. Kisha alikwenda mlangoni kwa Rodah na kukuta kufuli limefungwa kwa nje. Cheptoo alikuwa amelala nyumbani kwa Tecla mwenyewe tangu jana kwa sababu ya kikohozi. Lakini kufuli! Basi Rodah alikuwa ametangulia, na yule mtu ndiye aliyefunga nyumba. Ufunguo wa nyumba ya Kipkurui ulikuwa mfukoni mwa mwanamume mwingine.

Siku hiyo hakula. Cheptoo alimuuliza kama anaumwa, akamjibu kwamba watoto hawaulizi maswali.

Siku ya soko alipanda Merigi kuuza mayai, na akili yake yote ilikuwa chini, miguuni mwa watu. Ndipo alipopita kibanda cha Omariba, fundi wa viatu, Mkisii aliyekuja kutoka upande wa kwao akiwa kijana na kuzeekea hapo. Kwenye msumari, zimening'inia kwa kamba zake, kulikuwa na buti mbili za ngozi nyeusi. Tecla alizigeuza. Meno mapana. Kisigino cha kushoto, jino moja hakuna.

Alishika nguzo ya kibanda.

"Karibu, Kogo," Omariba alisema. Ndivyo alivyowaita akina nyanya wote wa hapo, kwa lugha yao. "Una kiatu?"

"Hizi ni za nani?"

"Za mteja."

"Mteja gani?"

Omariba alivuta uzi kwa meno. "Kogo, nikianza kusema viatu vya watu, kesho nani ataniletea? Mimi nashona tu."

"Ni mtu wa hapa?"

"Anatembea, kwa hiyo hayuko mbali." Alicheka, akaona Tecla hacheki, akaacha. Labda kwa kutaka kupunguza ule ubaridi, alichukua buti moja na kumwonyesha kazi yake. "Huyu mtu buti ni kubwa kwake. Inaogelea mguuni. Wengine wangekata ngozi, lakini ukikata umeiua buti. Unaziba nafasi iliyo ndani. Hapa chini nimeweka soli mbili za blanketi nzito. Hapa nyuma nimeshona kipande cha ngozi laini kishike kisigino. Hapa chini ya ulimi nimeweka sponji, ili akivuta kamba, mguu urudi nyuma ukae. Halafu nitatoboa matundu mapya ya kamba, karibu zaidi. Mwisho tunailowesha kidogo, anavaa na soksi mbili, anatembea mpaka ikaukie mguuni."

Tecla alikuwa ameshika neno moja tu. "Unasema mguu wake ni mdogo?"

"Mdogo sana. Ndiyo maana buti inamla."

Basi si mzee, wala si mgonjwa. Mguu mdogo ndani ya buti kubwa. Kijana! Rodah alikuwa akifuga kijana, labda hata hajamaliza shule, aliyeazima buti za baba yake.

"Anakuja kuzichukua lini?"

"Leo. Lakini Kogo..."

"Nitangoja."

Alikalia kreti la soda na kuweka kikapu cha mayai magotini. Omariba alijaribu kumwambia kwamba jua ni kali, kwamba mayai yataharibika, kwamba huyo mteja huenda asije. Tecla alibaki palepale. Watu walikuja na kwenda, na kila kijana aliyesimama karibu alipimwa miguu kwa macho.

Jua lilipokuwa limeanza kushuka, mtu aliingia kivulini mwa kibanda akasimama ghafla.

"Mama?"

Alikuwa Rodah, slipa miguuni, na visigino vyote viwili vimefungwa vitambaa. Kitambaa kimoja kilikuwa kimelowa damu na kukauka. Tecla alitazama visigino, akatazama buti, akatazama visigino tena.

"Ni zako?"

"Ni za Kipkurui. Alizinunua juma lile la kuondoka, zikamzidi mzigo akaziacha." Rodah alisogea akazigusa buti. "Mimi ndiye ninayezivaa."

"Unaenda wapi na buti za mwanangu?"

"Kupruni."

"Kupruni nini?"

"Chai, mama. Kwa watu wa ng'ambo. Niko na kile kikundi cha wanaume kinachokata chai kuukuu ichipue upya. Nilianza na gambuti, panga likateleza likapita kwenye mpira kama linapita kwenye ndizi. Mungu tu ndiye aliyeokoa vidole. Msimamizi akasema bila buti ya ngozi nisirudi. Ndiyo nikatoa hizi. Jioni nazitia kwenye gunia, navaa slipa, usizione."

"Na ulisema unachuna."

"Nilisema hivyo."

"Kwa nini ujifiche? Mumeo anatuma. Ukataka nini tena kwenye mapanga ya wanaume?"

Rodah alimtupia Omariba jicho. Omariba alichukua kopo la gundi, akatazama ndani, akasema gundi imekwisha na anakwenda kuitafuta. Kopo lilikuwa limejaa. Alitoka.

"Kipkurui hatumi kitu, mama," Rodah alisema. "Tangu mwaka jana."

"Na sukari?"

"Ni mimi."

"Na dawa ya magoti?"

"Ni mimi."

"Na salamu?"

Rodah aliinama, akaanza kukunjua kile kitambaa chenye damu bila sababu. "Na zenyewe."

Tecla aliweka kikapu cha mayai chini. Alipouliza tena, sauti yake ilikuwa ndogo. "Amekufa?"

"Hapana. Yuko Mulot."

"Mulot ipi?"

"Mulot hii hii, barabara ya Narok. Kazi ya Katar iliisha, akarudi. Jackton alimwona sokoni alipopeleka mahindi. Sikuamini, nikamwomba amtazame vizuri akirudi tena. Akamtazama. Anauza ng'ombe. Ana nyumba huko." Kisha akamalizia, "Ana mke."

Mtu mwingine angelia, au angeomba msamaha. Tecla aliinuka, akachukua kikapu chake cha mayai na kuondoka bila kumpa mkaza mwana wake hata neno. Njiani alikuwa akijiambia kwamba huo ndio uongo ambao mwanamke mwenye hatia angeutunga. Kumbebesha mume makosa ili yeye aonekane malaika! Na huyo Jackton, shahidi gani huyo? Si ndiye aliyekuwa akinong'onezana naye? Yeye hangeamini mpaka aone.

Siku ya soko la Mulot alivaa nguo yake ya kanisani, akamwambia Cheptoo kwamba anakwenda kumwona rafiki mgonjwa, akasafiri.

Uwanja wa mifugo ulikuwa vumbi tupu na kelele za ng'ombe. Wamasai walisimama na fimbo zao, wanunuzi wakaminya nundu na kufungua midomo ya madume. Tecla alipita kati yao akiwa na hakika kwamba atarudi nyumbani bila kumwona mtu yeyote. Hata furaha ya kumkamata Rodah kwa uongo wake ilikuwa imeanza kumwingia.

Halafu akamwona. Alikuwa ameshika kamba ya mtamba mwekundu, kofia kichwani, akibishana na mnunuzi na kucheka. Kicheko kilikuwa kilekile cha baba yake. Kando yake mwanamke kijana aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa akimpa maji kwenye chupa.

Tecla alikwenda akasimama mbele yake. Kipkurui alimaliza sentensi yake kwa mnunuzi ndipo akageuka, na kamba ikamtoka mkononi. Yule mwanamke kijana aliiwahi.

"Mama."

"Katar imekuwa karibu siku hizi," Tecla alisema.

"Mama, nilikuwa nije. Naapa nilikuwa nije. Ile kampuni ilitutupa, nikarudi mikono mitupu. Niliona aibu. Nikasema nijipange kwanza kidogo, nipate kitu, ndipo..."

"Umejipanga, naona." Alimtazama yule mtoto mgongoni. Alikuwa na masikio ya Kipkurui. Yule mwanamke akamwamkua kwa adabu, hajui ni nani, naye Tecla akaitikia, kwa sababu msichana hakuwa amemkosea lolote.

"Mkeo wa nyumbani," alimwambia mwanawe, "ameniletea salamu zako kila Jumapili."

Kipkurui alikunja uso. "Salamu gani?"

Tecla alingoja, labda atakumbuka hata moja, labda kulikuwa na simu moja iliyopigwa ambayo Rodah aliificha. Hata sasa alitaka Rodah awe amedanganya kidogo. Lakini mwanawe alimtazama tu, na usoni mwake hamkuwa na kitu cha kusoma isipokuwa kwamba hakujua.

"Basi," Tecla alisema. Aligeuka. Kipkurui alimfuata hadi ukingo wa uwanja akisema maneno mengi, na mama yake hakumsikiliza hata moja.

Alipofika nyumbani Rodah alikuwa jikoni akipika ugali. Hakuuliza huyo rafiki mgonjwa anaendeleaje.

"Umemwona?" alisema.

"Nimemwona. Amenenepa."

Rodah aliendelea kusonga. Baada ya muda aliweka mwiko chini, akafunika uso kwa aproni na kulia, na Tecla akabaki amesimama mlangoni bila kujua mikono yake aiweke wapi. Hawakuwa watu wa kukumbatiana. Mwishowe akasema, "Nilidhani una mwanamume."

"Najua," Rodah alisema ndani ya aproni. "Jackton aliniambia ulivyompitisha kwenye matope. Niliona bora udhani hivyo kuliko ujue hili lingine."

Neno hilo lilimchoma Tecla kuliko yote aliyoyaona Mulot.

"Lete hizo buti," alisema.

Omariba alikuwa amefanya kazi nzuri lakini kisigino cha kulia bado kilikuwa kinapanda na kushuka. Tecla aliingiza mkono ndani, akapapasa, akauliza inapouma. Kisha akaenda chumbani kwake na kurudi na ngozi ya kondoo aliyoitandika kitini pake kwa sababu ya magoti. Akachukua kisu, akakata vipande viwili vyenye sufi, akavipunguza mara nyingi huku Rodah akijaribu na kuvua, kujaribu na kuvua.

"Simama. Tembea mpaka mlangoni."

Rodah alitembea.

"Inapanda?"

"Kidogo."

"Vua." Akakata tena. "Na soksi hizi nyembamba ni za nini? Unaenda harusini?"

Walifanya hivyo mpaka ugali ukapoa, na Cheptoo akala peke yake akiwatazama.

Rodah aliendelea kupogoa chai. Visigino vilipona, ngozi ya buti ikajikunja kufuata mguu wake, na wale wanaume wa kikundi, waliokuwa wakimcheka, wakazoea. Mwaka ulipogeuka msimamizi alimpa safu zake mwenyewe za kusimamia. Tecla alikwenda kituo cha majani na kuomba namba yake ya chai, ile ya kupokelea malipo ya majani, iandikwe kwa jina la Rodah, na ndugu za marehemu mumewe walipokuja kumuuliza kama amerogwa, aliwapa chai na kuwaacha wamalize maneno yao.

Asidhani mtu kwamba Tecla alibadilika akawa malaika. Simu ya Rodah ikilia bado alikuwa akitega sikio. Akikawia kurudi alimuuliza alikuwa na nani, na jibu likichelewa aliuliza tena. Tofauti ni kwamba sasa Rodah alimjibu, na wakati mwingine alimcheka.

Kipkurui alikuja mwezi wa Desemba, amebeba kilo mbili za sukari na shuka jipya la kumpa mama yake. Tecla alimkaribisha, akampa kiti nje kivulini, akamletea mursik, maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu. Cheptoo alimwamkua kwa kunyoosha kichwa apate kuguswa utosini, kama anavyofundishwa mtoto kumwamkua mgeni. Jioni Rodah aliporudi kazini, alimsalimia kwa jina, akaketi mbali kidogo na kufungua kamba za buti.

"Mama," Kipkurui aliuliza kwa sauti ya chini, "nitalala wapi?"

"Muulize mwenye nyumba."

Kipkurui alimgeukia mkewe. Rodah alimalizia buti ya pili, akaziweka pamoja ukutani, akajipangusa mikono.

"Kuna gari la Narok linapita hapo juu kabla ya giza," alisema. "Ukimaliza maziwa utaliwahi."

Kipkurui alimaliza maziwa. Cheptoo alimsindikiza mpaka barabarani, na aliporudi alikuwa na peremende mfukoni, akampa nyanya yake moja.